Siku Okedi Alipoongeza Mbili

Kwa miaka miwili nilimtaja Fundi Okedi katika sala zangu za alfajiri kabla ya kuwataja watoto wangu. Sikumwombea heri. Nilipiga magoti kando ya kitanda changu cha kamba pale Malaba, nikafumba macho, nikasema: Bwana, umeona alivyonitenda. Mlete mikononi mwangu, mchana, mbele ya watu. Baada ya hapo ndipo nilipomwombea mke wangu Teresa na watoto walioko nyumbani Mundika, na mwisho kabisa mvua.

Okedi alikuwa na karakana ya useremala kando ya barabara, mahali malori yanayotoka Tororo na mbao za mvule yanaposimama kabla ya kuendelea. Nilifanya kazi kwake miaka kumi na mmoja. Nilijua kupiga randa mpaka ubao ung'ae kama uso wa mtoto aliyepakwa mafuta. Nilijua kutoboa tundu la kiungo bila kupasua mti. Jambo moja tu sikulijua, na hakuna mfanyakazi wa Okedi aliyelijua: vipimo. Kwa Okedi hatukupima kwa futi. Tulipima kwa vijiti.

Kila kitu kilikuwa na kijiti chake. Kulikuwa na kijiti cha mguu wa meza, kijiti cha kiti, kijiti cha mlango, kijiti cha dirisha, vyote vimekatwa alama kwa kisu. Asubuhi Okedi alifungua sanduku, akakupa kijiti cha kazi ya siku hiyo. Ulilaza kijiti juu ya ubao, ukapiga mstari, ukakata. Jioni alivikusanya vijiti, akavihesabu, akafunga kufuli. Mtu angeweza kumfanyia kazi mpaka mvi zimtoke, na siku akiondoka hajui mlango una urefu gani.

"Namba ni za makarani," alikuwa akisema. "Fundi ni mkono."

Mwaka wa kwanza baada ya Uhuru nilipata kazi yangu ya kwanza mwenyewe. Watu wa kwetu Mundika walikuwa wamejenga zahanati ndogo kwa michango, wakaniita niwatengenezee mlango wa mbele. Nilimuuza ng'ombe wangu wa kulimia nikanunua mbao za mvule. Kisha nikamwendea Okedi kwa heshima, nikamwomba aniazime kijiti cha mlango kwa siku mbili.

"Unataka kuwa fundi, Vitalis?"

"Kidogo tu, mzee. Ni kwetu nyumbani."

Akafungua sanduku, akatoa kijiti, akanipa kwa mikono miwili kama anayenibariki.

Niliutengeneza ule mlango kwa siku nne. Sijawahi kupiga randa vile tena. Siku ya kufungua zahanati tuliutia bawabani asubuhi na mapema, na palepale nikaona. Mlango ulikuwa mfupi kwa inchi sita. Mwanga wa jua uliingia chini yake kama maji. Hapakuwa na muda wa kufanya lolote, wageni walikuwa wamefika. Mlango ukafungwa, mhubiri akaanza kuomba, watu wote wakainamisha vichwa, na katikati ya sala kuku mwekundu akaja taratibu, akainama, akapita chini ya mlango wangu akaingia ndani. Mtu mmoja alicheka. Kisha wote. Hata mhubiri alikata sala yake. Mama yangu alikuwa amevaa leso mpya. Niliona akiivuta usoni.

Niliporudi Malaba nilikuta habari imenitangulia. Mfanyakazi mwenzangu Olinga, ambaye hawezi kuficha neno hata ukimfunga mdomo kwa waya, aliniambia pembeni: "Ndugu, kile hakikuwa kijiti cha mlango. Ni cha dirisha refu la duka. Mzee alituambia siku ileile uliyoondoka. Alicheka mpaka akakaa chini."

Tangu siku hiyo sikuwa Vitalis tena. Madereva wa malori na mataniboi wao, wanawake wa mahindi ya kuchoma, wote waliniita Mlango wa Kuku. Okedi aliwafundisha. "Mlango wa Kuku, leta patasi! Mlango wa Kuku, msalimie jogoo!" Niliendelea kumfanyia kazi kwa sababu ng'ombe alikuwa ameshakwenda na sikuwa na mahali pengine. Na pia, niseme kweli, nilitaka kuwa karibu naye siku Bwana atakaponijibu.

Masomo ya ngumbaru yalianza pale shule ya msingi mwaka uliofuata, saa kumi na moja jioni, siku tatu kwa juma. Tulikuwa watu wazima kumi na saba tumejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga videvu. Mwalimu wetu, Jerusha, alikuwa na umri wa binti yangu Millicent. Wengine walikuja wajifunze kuandika barua kwa wana wao walioko Nairobi. Mimi nilimwambia siku ya kwanza: "Mwalimu, barua nitajifunza baadaye. Nifundishe futi."

"Futi ina nini, mzee?"

"Ina mtu ndani yake."

Hakuelewa, lakini alinifundisha. Nilijifunza kwamba futi moja ni inchi kumi na mbili, na kwamba ndani ya inchi moja kuna nusu, na ndani ya nusu kuna robo, na ndani ya robo kuna thumuni, kama nyumba iliyo na chumba ndani ya chumba. Nilinunua futi ya mbao ya kukunja kwa Mhindi mmoja wa Busia. Nilipima kila kitu. Nilipima kitanda changu, nikapima Biblia yangu, nikapima kiatu changu. Thumuni zilinitesa miezi mitatu. Kuna jioni nililia darasani kwa sababu sikuelewa jinsi robo tatu inavyokuwa kubwa kuliko thumuni tano ilhali tatu ni ndogo kuliko tano. Mwalimu Jerusha alichukua kipande cha muwa, akakikata vipande vinane mbele yangu, akanihesabia. Nikaelewa, kisha tukala hesabu yenyewe.

Jioni moja alileta kamba yenye mafundo kumi na mawili, akaifunga mwisho na mwanzo. Akatuita watatu, kila mmoja ashike kona: upande mmoja mafundo matatu, wa pili manne, wa tatu matano. Kamba ilipokazwa, kona moja ikawa sawasawa kama kona ya kitabu.

"Mkizidisha pande zote kwa mbili, mnapata ngapi?"

"Sita, nane, kumi," tukasema.

"Kwa tatu?"

"Tisa, kumi na mbili, kumi na tano."

"Kona itabaki vilevile. Lakini sikieni: ni kuzidisha. Si kuongeza. Ukiongeza namba moja kila mahali, kona inaharibika. Kitu kikikua, kinakua chote, kama mtoto. Hakuna mtoto anayeongezewa mguu peke yake."

Niliandika hayo katika daftari langu. Sikujua kwamba nilikuwa nimeandika jibu la sala.

Mwezi wa Julai mwaka wa 1966 kanisa moja la Adungosi lilimpa Okedi kazi ya paa. Yeye hakuwa amewahi kufanya jengo kubwa vile. Madarasa na nyumba zote alizoezeka zilikuwa na upana mmoja, futi kumi na sita, kwa sababu waashi wa kwetu walizoea hivyo. Kanisa hili lilikuwa na upana wa futi ishirini na nne. Lilihitaji kenchi kumi na moja. Kila kenchi ilikuwa na nguzo ya kusimama katikati, na mbao mbili za mteremko zinazopanda kutoka ukuta wa kushoto na wa kulia mpaka zikutane kwenye ncha ya nguzo. Nguzo zilikuwa zimeletwa tayari, zimekatwa kwenye mashine ya mbao kulingana na mchoro. Nilizipima kwa siri. Zilikuwa futi tisa kila moja.

Jumanne asubuhi Mzee Aluka, mkuu wa wazee wa kanisa, alimletea Okedi mchoro. Okedi aliukunja bila kuutazama akautia mfukoni.

"Kichwa changu ni mchoro, mzee."

Kisha akafanya kazi kwa njia yake, nasi tukitazama. Alinyoosha kamba kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili. Akaikunja katikati, ikawa nusu ya upana. Akailaza juu ya ubao. Halafu akafungua sanduku, akatoa kijiti kifupi ambacho sikuwa nimewahi kukiona kwa karibu, akakiunga mwisho wa kamba, akapiga mstari kwa penseli.

"Hiki ni kijiti cha paa," alimwambia Olinga kwa sauti ya mtu anayegawa urithi. "Nilipewa na Mhindi mmoja wa Tororo aliyenifundisha kazi. Nusu ya nyumba, na kijiti juu yake. Paa lolote."

Nilikitazama kile kijiti. Kilikuwa futi mbili.

Nusu ya futi kumi na sita ni nane, na nguzo za nyumba zile zilikuwa sita. Nane ukiongeza mbili ni kumi: sita, nane, kumi. Ndiyo maana mapaa yake yote yalikubali. Lakini nusu ya ishirini na nne ni kumi na mbili, na nguzo ni tisa, kwa hiyo ubao wa mteremko unatakiwa kumi na tano. Okedi alikuwa anakata kumi na nne. Aliongeza mbili, kama alivyoongeza mbili maisha yake yote. Hakujua ni kwa nini. Hakuwahi kujua. Kufuli la sanduku lile halikuficha elimu yake, lilificha kwamba hana.

Angeuliza, ningemwambia. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Alichouliza ni hiki: "Mlango wa Kuku, umeganda nini? Shika msumeno."

Nikashika msumeno.

Tulikata Jumatano, tukakata Alhamisi. Mbao ishirini na mbili za mvule, kila moja fupi kwa futi moja kamili. Kila ncha iliyoanguka niliisikia kama neno la zaburi. Nilikuwa mchangamfu. Niliimba. Olinga akasema, "Leo huyu ameoa mke wa pili." Usiku wa Jumatano nililala kama mtoto.

Alhamisi hiyo mchana Mama Roselida, kiongozi wa akina mama wa kanisa, alitupikia uji. Alikuwa mwanamke mzito wa mwili, asiyeharakisha maneno. Alikaa juu ya mbao zilizokatwa, akazipapasa kwa kiganja.

"Baba Millicent," aliniambia, "mbao hizi ni za kuku."

Nilidhani ananitania. Nikainuka.

"Kaa, kunywa uji. Kweli nakwambia. Adungosi yote haina kuku sasa. Tuliuza wote, hata wa kutotoa. Wanangu wanauliza mayai, nawaambia mayai yamekwenda kuwa paa la Mungu."

Niliweka kikombe cha uji chini. Katika hesabu zangu zote nilikuwa nimemweka Okedi peke yake. Sikuwa nimemweka mwanamke huyu, wala wenzake waliobeba mchanga kutoka mtoni kwa vichwa.

Jioni ile nilikwenda darasani mapema kuliko wote. "Mwalimu," nikasema, "nikijua ubao unaopanda, na nikijua upande wa chini, nitajuaje unaosimama?"

Mwalimu Jerusha akafurahi, maana hakuna mwingine aliyewahi kuuliza hivyo. Akanionyesha: unazidisha ule mrefu kwa wenyewe, unazidisha wa chini kwa wenyewe, unatoa, kisha unatafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaleta kile kilichobaki. Hakuniuliza ni ya nini. Nilirudi chumbani, nikapiga magoti, nikasema sala ambayo mpaka leo sina hakika kama ni sala: Bwana, okoa mbao. Okedi mwache.

Kisha nikaandika. Nilifanya kwa inchi. Mbao za futi kumi na nne ni inchi mia moja sitini na nane. Nusu ya upana ni inchi mia moja arobaini na nne. Nilizidisha, nikatoa, nikabaki na elfu saba mia nne themanini na nane. Nikajaribu themanini na sita, ikawa ndogo. Nikajaribu themanini na saba, ikazidi. Katikati: themanini na sita na nusu. Futi saba, inchi mbili na nusu. Nguzo zikipunguzwa mpaka hapo, zile mbao fupi zitakutana. Paa litakuwa la chini kidogo, lakini litakuwa paa, na hakuna ubao hata mmoja utakaotupwa.

Nilikuwa na jibu Ijumaa alfajiri. Ningeweza kumwambia Okedi tukiwa wawili, kando ya kisima, kabla ya watu kuja. Niseme wazi kwamba niliwaza hivyo. Niliwaza pia kuhusu leso ya mama yangu. Nikakunja karatasi, nikaitia mfukoni, nikangoja Jumamosi.

Jumamosi walikuja karibu watu mia moja. Kuinua kenchi ya kwanza ni sherehe kwetu. Vijana walikuwa tayari na kamba, akina mama wamekaa chini upande wa kivuli, na Mzee Aluka amevaa koti. Okedi alivaa kofia yake ya kitambaa na kuzunguka akitoa amri. Tuliisimamisha nguzo ya futi tisa juu ya boriti ya kwanza. Tukainua mbao mbili za mteremko kutoka kushoto na kulia. Vijana wakavuta, wakaimba, wakavuta. Mbao zikapanda, zikafika mwisho wake. Hazikufika kwenye ncha ya nguzo. Zilisimama pembeni zikiitazama, kila upande umebaki na pengo la futi nzima.

"Vuta!" Okedi akapiga kelele.

"Mzee, kamba imekwisha," Olinga akasema kutoka juu. "Mbao ndiyo imekwisha pia."

"Jaribu zile nyingine!"

Wakajaribu mbili nyingine. Pengo lilelile. Wakajaribu nyingine tena. Wimbo ukafa. Akina mama wakaanza kusimama mmoja mmoja.

"Ukuta!" Okedi alisema. "Mwashi alikosea ukuta."

Nilitoka mbele. Nilikuwa nimekitayarisha kifungu hiki kwa miaka miwili, na mdomo wangu haukutetemeka hata kidogo.

"Ukuta hauna kosa," nikasema. "Fundi, tueleze paa hili linataka mbao ya futi ngapi." Nikakunjua futi yangu, nikamnyooshea mbele ya watu wote. "Au tuonyeshe hapa kijiti chako kinaishia wapi. Onyesha hata inchi tano na robo. Chagua mwenyewe."

Aliipokea ile futi. Aliigeuza upande mmoja, akaigeuza wa pili. Vidole vyake vinene, ambavyo nilivijua kuliko vyangu, vilitembea juu ya alama kama mtu anayetafuta mlango gizani. Nilingoja. Watu wote walingoja. Jasho likamshuka kando ya sikio.

"Sijui," akasema.

Kwa miaka miwili nilikuwa nimekisikia kicheko kitakachofuata. Nilikifahamu kama mtu anavyofahamu wimbo. Kwa hiyo nikacheka mimi kwanza, ili niwafungulie. Nilicheka kwa sauti. Na hakuna aliyenifuata. Sauti yangu ilikwenda mpaka ukuta wa mwisho ikarudi peke yake. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Pole, baba." Hakuniambia mimi. Alimwambia Okedi.

Nilinyamaza haraka, nikatoa karatasi yangu. "Mbao zinaweza kuokoka," nikasema. "Tukikata nguzo zibaki futi saba, inchi mbili na nusu, zitakutana." Nikawaeleza yote, kumi na mbili, tisa, kumi na tano, na jinsi Okedi alivyoongeza mbili mahali pa tatu. Mzee Aluka alinisikiliza akiitikia kwa kichwa. Nikaona heshima ikija kwangu kama mvua inayovuka kutoka upande wa Uganda.

Ndipo Mama Roselida akauliza, bila haraka yoyote: "Ulijua lini?"

Nikaanza kuikunja karatasi.

"Hiyo hesabu," akasema. "Uliijua lini, baba Millicent?"

Ningeweza kusema asubuhi hii. Hakuna ambaye angejua isipokuwa yule ninayemwamkia kila alfajiri, na yeye nilikuwa nimemwita mwenyewe kuwa shahidi.

"Jumanne," nikasema.

"Na mbao zilikatwa lini?"

"Jumatano."

"Wewe ndiye uliyeshika msumeno. Nilikuona nilipoleta uji. Ulikuwa unaimba."

Olinga, pale juu ya ukuta, alipiga mluzi mdogo.

Wazee walijitenga chini ya ukuta wa mashariki, wakazungumza muda mrefu, wengine kwa Kiteso, wengine kwa Kiswahili. Walirudi na Mzee Aluka akatoa uamuzi.

"Tuna watu wawili," alisema. "Mmoja hajui, akajifanya anajua. Mwingine anajua, akajifanya hajui. Tumeshindwa kusema nani ametuumiza zaidi. Fundi Okedi atabaki fundi wa kazi hii, maana tulipatana naye. Lakini vijiti sitaki kuviona hapa tena. Kila nguzo ipimwe kwa futi. Na wewe, Vitalis, utakaa juu ya ukuta umpe hesabu. Hamtaiacha kazi hii mpaka kenchi ya kumi na moja isimame. Mkitaka kupigana, mpigane mkishamaliza."

Kwa hiyo nilirudi kumfanyia kazi Okedi.

Kumbe mwashi naye alikuwa amejenga kwa macho. Kuta zilikaribiana hapa inchi mbili, zikaachana pale inchi moja, na kila upana ulitaka nguzo yake. Huwezi kukata moja ukafuatisha nyingine. Nilikaa juu ya ukuta na karatasi ya mfuko wa saruji juu ya goti langu, nikapima, nikazidisha, nikatoa, nikaita namba. Okedi alikuwa chini kwenye meza ya kazi, akingoja nimshushie futi yangu kila nikimaliza kupima.

"Saba, mbili na nusu!" niliita kwa nguzo ya kwanza.

Kisha: "Wapi?"

Nilimsikia vizuri sana. "Unasemaje, fundi?"

"Nasema, wapi?"

"Paza sauti, kuna upepo!"

"WAPI?"

Akina mama waliobeba maji wakageuka. Hapo ndipo niliposhuka, polepole, ngazi moja baada ya nyingine, nikaenda mpaka mezani, nikaweka ukucha wangu juu ya alama. "Hapa. Hizi ni nusu. Hizi ndogo ni robo." Akapiga mstari, akakata. Hakunitazama usoni. Nikapanda tena.

Kwa nguzo ya pili nilifanya hivyo hivyo, na ya tatu. Saba, moja na robo tatu. "Wapi?" "Unasemaje?" "Wapi!" Kila jioni nilirudi Malaba kwa baiskeli, nikapiga magoti, nikaomba msamaha kwa kumfanya mtu mzima aulize mara tatu. Niliomba kwa machozi ya kweli. Na kila asubuhi nikapanda ukutani nikafanya vilevile. Sijui Bwana alinichukuliaje juma lile. Nilikuwa kama mlevi anayetubu huku chupa iko kwapani.

Olinga alinionya. "Ndugu, hata jogoo hashindi akipanda mgongo uleule siku nzima."

"Bado nne," nikamwambia.

Nguzo ya nane Okedi aliuliza "Wapi?" mara moja tu, kwa sauti ya juu tangu mwanzo, ili nisipate la kudai. Ya tisa nilipofika mezani nilikuta kidole chake kiko karibu na alama, kimekosea kwa robo. Nilikisogeza bila kusema kitu. Ya kumi alikosea kwa thumuni.

Nguzo ya mwisho ilikuwa ya Jumatano, jua likiwa kali. Kuta upande ule zilikuwa zimekaribiana, na hesabu ilinichukua muda. Nilipomaliza niliita: "Saba, nne na thumuni!" Nikaweka mkono sikioni mapema, tayari kutosikia.

Hakuuliza.

Nilichungulia chini. Alikuwa ameinama juu ya ubao, kofia ameiweka pembeni, midomo ikitembea. Futi ilikunjuliwa yote. Niliona ukucha wake ukihesabu kutoka nne, ukaenda alama moja ndogo, ukasimama. Akapiga mstari. Kisha akachukua msumeno.

"Ngoja!" nikasema.

Nikashuka ngazi haraka kuliko siku zote. Nikamnyang'anya futi, nikapima mstari wake. Nikapima mara ya pili kutoka upande mwingine. Nikapima mara ya tatu, nikiwa nimeinama mpaka pua inakaribia ubao, nikitafuta kosa, hata upana wa unywele, kitu chochote ambacho ningeweza kukiita kwa sauti. Okedi alisimama na msumeno mkononi akiningoja, na akina mama wakiningoja, na Olinga juu ya ukuta na kamba yake.

Hapakuwa na kosa.

"Nikate?" Okedi akauliza.

Ilinichukua muda kulitoa lile neno. Lilikuwa zito kuliko boriti yoyote niliyobeba Adungosi.

"Kata," nikasema.